Macho ya bluu, mdomo wa chungwa

Shoga, ukipaka rangi ya bluu au kijani moja kwa moja kwenye kope, kwa ngozi zetu nyeusi inapauka kama jivu. Tandaza konsila kidogo kwanza (ile krimu ya kuficha madoa), halafu gongagonga rangi kwa ncha ya kidole. Usisugue, itamwagikia mashavuni.

Mdomoni sasa. Bluu inapendana na chungwa iliyokolea, maana rangi hizo mbili hutazamana kwenye duara la rangi (mchoro unaopanga rangi kwa mzunguko), kila moja inaing'arisha mwenzake. Zambarau ya machoni mimi naipatia mdomo wa damu ya mzee, haijawahi kuniangusha kwenye sherehe. Zungushia mdomo wanja wa kahawia, paka lipstiki katikati, kisha bana tishu kwa midomo na urudie mara moja.