Kitabu cha zamani cha saketi, na namna ya kukitumia leo

Wanaojifunza kwangu huanza na moduli, yaani saketi iliyokwisha kuundwa: unachomeka, inalia, basi. Mimi huwarudisha kwenye vitabu vya miaka ya sabini na themanini, kwa sababu humo kila rezista iko wazi na unaweza kuiuliza kazi yake. Kile cha Forrest Mims, mwandishi Mmarekani wa vitabu vya elektroniki, cha 1983, alichokiandika na kukichora kwa mkono, nakipenda sana. Hata hivyo, chochote cha transista ulichokipata kwenye mitumba kinatosha.

Fungua ukurasa wa amplifaya ya transista moja. Ukikuta OC71 au AC128, uruke kwanza: hizo ni transista za jemaniamu za aina ya PNP, ambazo betri yake huunganishwa kinyume na BC109, na mara nyingi chanya ya betri ndiyo ardhi. Tafuta yenye BC109. Badala yake weka BC547, ila miguu usiifuate kitabu. Upande bapa ukikutazama, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Michoro mingi ya zamani huonyesha miguu ukiitazama kutoka chini, na hapo ndipo wengi hupotea.

Chukua betri ya volti 9. Besi ipate rezista ya 47k (kilo-ohm 47) kutoka chanya na ya 10k kwenda ardhini, ambayo hapa ni hasi ya betri. Kolekta ipate 4k7, yaani kilo-ohm 4.7, kutoka chanya, na emita 1k kwenda ardhini. Usiwashe kwanza, piga hesabu. 9 mara 10 gawanya kwa 57 (47 na 10) ni kama volti 1.6 kwenye besi. Transista ya silikoni kama BC547 hula 0.6 kati ya besi na emita, emita inabaki na 1, kwa hiyo inapita karibu miliampea 1. Basi 4k7 itakula kama 4.7, na kolekta itabaki na zaidi kidogo ya 4. Sasa washa, weka multimita kati ya kolekta na ardhi. Ikisoma kati ya 4 na 5, umeielewa saketi. Ikisoma 9, transista haipitishi umeme. Rudi kwenye miguu.

Ingiza muziki wa simu kupitia kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ielekee besi. Toa kwenye kolekta kupitia nyingine kama hiyo, chanya ielekee kolekta, hadi kwenye spika yenye amplifaya yake. Sauti inakua kama mara nne na nusu: 4k7 kwa 1k. Kisha punguza sana sauti ya simu, ubandike mikrofaradi 100 sambamba na ile 1k, chanya kwenye emita. Sasa sauti inakua zaidi ya mara 100, badala ya nne na nusu! Volti za kolekta hazijasogea, kwa sababu kapasita inapitisha mawimbi tu.

Andika vipimo vyako kwa penseli pembeni ya mchoro, pamoja na namba ya transista uliyoweka, ndipo ufungue ukurasa wa transista mbili.