Tangi la maji kwa kanisa changa: harambee inaanza shambani

Kanisa jipya likishaezekwa bati na kuanzisha chekechea, huduma ya kwanza linayoifikiria kwa jamii Dodoma karibu kila mara huwa maji. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 600 tu. Visima vingi vina chumvi. Paa lipo tayari, linabaki tangi.

Kabla ya kutangaza chochote, pigeni hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kanisa la mita 18 kwa 10 lina mita za mraba 180 (pimeni eneo la chini, si mteremko wa bati). Mvua ikiwa milimita 500, na mkitoa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka, paa linatoa lita 72,000. Hapo ndipo kamati nyingi hujidanganya, maana kinachowavusha kiangazi ni ukubwa wa tangi, si wa paa. Tangi la lita 10,000 lililojaa mwisho wa Aprili linatakiwa lifike Desemba, siku 210 hivi. Ni lita 47 kwa siku, ndoo mbili na kidogo. Kwa kijiji kizima ni sawa na kumwaga maji mchangani. Kwa watoto 40 wa chekechea, lita moja ya kunywa kila mmoja, linatosha na linabakiza. Basi tangazeni "maji ya kunywa ya watoto wa chekechea", msitangaze "mradi wa maji wa kijiji". Mkitangaza la pili, mwezi Agosti mtaulizwa maji yako wapi.

Kijiji kwanza, waumini baadaye

Mchungaji au mwinjilisti aende kwa mtendaji wa kijiji akiwa na wazee wawili wa kanisa na barua mkononi, aombe ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mnachotaka kutoka nacho ni muhtasari wenye mhuri. Mfadhili yeyote atauomba, na ofisi ya dayosisi pia. Kwenye mkutano huo semeni wazi kwamba watoto wa Waislamu na wa wasio na dini watakunywa maji hayohayo bila masharti. Lisiposemwa mapema, tangi litaitwa chambo cha kuvutia waumini, na jina hilo halifutiki.

Angalieni pia kiwanja. Makanisa machanga mengi yamesimama kwenye eneo ambalo mzee fulani alilitoa kwa mdomo tu. Mzee akifariki, watoto wake wanadai shamba lao pamoja na kilichojengwa juu yake. Pateni maandishi yaliyopitishwa na serikali ya kijiji kabla ya kumwaga zege.

Fedha zikae benki, kwenye akaunti ya kanisa au ya mradi yenye watia saini watatu, na wasitoke nyumba moja. Kanisa lililo chini ya dayosisi hutumia usajili wa dayosisi yake. Lililo huru huulizwa cheti chake cha usajili kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bila hicho akaunti haifunguliwi. Kupokea michango kwa simu binafsi ya mtunza hazina, hata akiwa mtakatifu kiasi gani, ni kumtafutia kesi.

Kalenda ya shamba

Kuomba mchango Januari hadi Machi ni kumwomba mtu aliye kwenye njaa. Mtama, uwele na alizeti huvunwa kuanzia Mei. Zabibu hutoka mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Kadi za mchango zigawiwe Juni, harambee ifanyike Julai au Agosti, vifaa vinunuliwe Septemba, ujenzi uishe Oktoba. Mkichelewa mwezi mmoja tu, mvua inaweza kulikuta tangi bado limelala ubavu.

Bajeti iandikwe kwa ankara za maduka matatu ya mjini, na usafiri uwe na mstari wake. Tangi la lita 10,000 linajaza gari peke yake. Kudhani litapandishwa juu ya mizigo mingine ndiko kunakovunja bajeti. Ongezeni asilimia 10 ya dharura.

Wengi watatoa mazao, na mnada baada ya ibada ndio wenye nguvu kuliko bahasha: kuku, mayai, debe la mtama, debe la karanga. Dalali awe mcheshi, ila mwandishi akae pembeni yake na daftari, aandike kitu, bei na mnunuzi, na fedha zipokelewe papo hapo kabla kuku hajabadili mikono. Mnunuzi akiuliza kama anaweza kulipa kesho, kuku anarudi mnadani. Magunia ya nafaka msiyauze siku hiyohiyo, kwani bei ya msimu wa mavuno iko chini; yakiwa makavu yakae kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi Septemba. Mahindi na karanga zenye unyevu msipokee. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara, na stoo ya kanisa isiwe mahali pa kuizalisha.

Mgeni rasmi achaguliwe kwa mkono wake, si kwa cheo chake. Mwenye hotuba ndefu na bahasha nyembamba huwalia mchana wenu na chakula chenu.

Fedha zihesabiwe mezani mbele ya watu, na watu watatu, mmoja asiwe wa kamati. Jumla mbili zitangazwe kabla ya sala ya kufunga: taslimu ni kiasi gani, ahadi ni kiasi gani. Kuzijumlisha pamoja na kushangilia ndilo kosa linaloua miradi mingi. Ikiwa bajeti ni shilingi 4,000,000, na mmepata 1,500,000 taslimu na 2,500,000 za ahadi, mnazo 1,500,000. Msisaini na fundi kwa fedha ya ahadi. Kila mwenye ahadi aandike tarehe ya kulipa, na mzee wa jumuiya yake amkumbushe kimyakimya nyumbani. Kusoma majina ya wadaiwa kanisani huleta aibu, na aliyeaibishwa huhama kanisa na ahadi yake.

Ujenzi

Lita 10,000 ni tani 10. Jengeni msingi wa mawe ulioinuka sentimita 50 ili ndoo iingie chini ya koki, kisha zege la mita 3 kwa 3, unene sentimita 15, kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa zege hilo mtatumia mifuko 9 hivi ya saruji. Limwagiliwe siku 7. Jua la Oktoba hulikausha juu kabla ya ndani, nalo hupasuka, na tangi likikaa kwenye ufa hutoboka chini.

Gata za upande mmoja wa paa zinatosha kuanzia. Mita za mraba 90 hutoa lita 72 kwa kila milimita, kwa hiyo tangi hujaa mvua ikifika milimita 140 hivi. Mteremko wa gata uwe nusu sentimita kwa kila mita, yaani sentimita 9 kwa mita 18, na mabano yakae kila sentimita 60. Yakiachana, gata hulegea katikati na maji humwagikia ukutani.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la inchi 4 lililosimama la kunasa maji hayo machafu hubeba lita 8 tu kwa mita, wakati paa hilo linataka angalau lita 45 zimwagwe kila mvua ikianza baada ya ukame. Njia rahisi ni kuacha kiungo cha mwisho cha bomba linaloingia tangini bila gundi: mlinzi wa kanisa akichomoe Novemba tangi likishaoshwa, aache mvua mbili za kwanza zimwagike chini, kisha akirudishe.