Namna ya Kutumia Taka za Plastiki katika Lami ya Barabara

Njia kavu, ambayo plastiki hupakwa kwenye kokoto za moto kabla ya kumimina lami, iliyobuniwa na Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, India, huanzia kwenye kuchambua taka, na kazi hiyo haifai kuharakishwa hata kidogo. Chukua mifuko laini, vifungashio vya vyakula na vikombe vya plastiki, lakini tenga mabomba na kila kitu cha PVC (aina ya plastiki yenye klorini), kwa kuwa kikipata joto hutoa gesi kali yenye klorini, na wa kwanza kuivuta ni vibarua wanaosimama kando ya mtambo. Osha plastiki, ikaushe kabisa, kisha ikatekate iwe vipande vya milimita 2 hadi 4.

Pasha kokoto joto la nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, kisha nyunyiza plastiki huku zikizunguka ndani ya mtambo. Baada ya nusu dakika hivi kila kokoto huonekana iking'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Utando huo ndio unaozuia maji kupenya na kuibandua lami, jambo ambalo huzaa mashimo mengi barabarani. Ukiona kokoto zenye mabaka makavu, endelea kuchanganya.

Ndipo umimine lami ya nyuzi 160 hivi. Plastiki huchukua nafasi ya takriban asilimia 8 ya lami, yaani kilo 8 kwa kilo 92 za lami. Tandaza na kushindilia mchanganyiko kwa mitambo ya kawaida, kabla haujapoa.