Gitaa la umeme lililochakaa: unalichukua au unaliacha?

Ukikutana na gitaa la umeme ambalo rangi imebanduka, pale mkono unapoegemea mbao imebaki wazi, skrubu zina kutu, usikimbie na usitoe hela haraka, kwanza jua uchakavu uko wa aina mbili. Kuna wa sura na kuna wa utendaji kazi. Wa sura mimi siuhesabu kabisa, mikwaruzo kwenye bodi haiharibu sauti, tena wapo watu wanaolipa hela nyingi kununua jipya lililochakazwa makusudi, kampuni ya magitaa ya Fender wenyewe wanayauza kwa jina la Relic. Kinachoamua ni shingo na freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, muda wako mwingi uutumie hapo.

Anza na shingo. Linyanyue gitaa mpaka usawa wa jicho kama mtu anayelenga shabaha, angalia kingo za shingo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiwa imejinyonga, yaani upande wa uzi mnene umeelekea huku na wa uzi mwembamba kule, liache tu, maana ile trasrodi, chuma kilichomo ndani ya shingo, hainyooshi kitu cha hivyo. Ila kupinda kidogo kwenda mbele ni kawaida. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 na wakati huohuo pale shingo inapokutana na bodi, halafu chungulia uwazi kati ya uzi na freti ya 7 au 8, ukiwa mwembamba tu, tuseme unene wa kadi ya biashara, shingo iko safi. Ukiwa mkubwa zaidi muulize muuzaji kama trasrodi bado inazunguka, akubali ijaribiwe hapohapo, taratibu, robo mzunguko basi. Kama nati ya trasrodi imelika au imekazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda, hilo ni tatizo la kweli.

Freti sasa. Angalia chini ya nyuzi nyembamba kwenye freti za mwanzo, ndiko vidole vinakokaa sana, utakuta vishimo. Vishimo vidogo fundi anasawazisha, lakini elewa kwamba kusawazisha ni kupunguza chuma, kwa hiyo freti zikiwa zimeshakuwa bapa hamna cha kupunguza tena, zinatolewa zote zinawekwa mpya na hiyo kazi ni ghali, kwenye gitaa la bei ya chini inaweza kuzidi hata bei ya gitaa lenyewe. Piga noti zote, kila uzi kila freti, usione aibu muuzaji anasubiri, na uzivute nyuzi kwa pembeni ukizibonyeza, hasa kuanzia freti ya 12 kwenda mbele usikie kama sauti inakata. Mlio wa kukwaruza sehemu moja tu maana yake freti haziko sawa hapo, ukiwa karibu kila mahali huenda nyuzi zimeshushwa mno na hiyo inarekebishika.

Gitaa la aina ya Les Paul lina kichwa kilichoinama nyuma na mbao imechimbwa palepale kuweka nati ya trasrodi, kwa hiyo likianguka linapenda kuvunjika hapo. Washa tochi ya simu, angalia nyuma ya shingo chini ya kichwa, tafuta mstari mwembamba au rangi iliyopakwa juu ya rangi. Likiwa limegundishwa vizuri linadumu miaka, mimi ningelichukua, lakini bei ishuke sana. Stratocaster na Telecaster, magitaa ya Fender, shingo zake kwa kawaida zimefungwa kwa skrubu 4, ikishindikana unaweka nyingine.

Umeme ndio usikutishe. Nobu, vile vitufe vya kuzungusha vya sauti, zikikwaruza ukizizungusha mara nyingi ni uchafu, dawa ya kusafishia inatosha, na jeki, yaani tundu la kuchomeka waya, inayokatakata ni kitu kidogo kwa fundi. Pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti, ndizo za kuangalia: chomeka kwenye amplifaya, sauti iwe chini, pitisha swichi nafasi zote na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi ndogo. Isiyotoa sauti inaweza kuwa waya tu umeachia, lakini wewe ihesabu kama imekufa mpaka ithibitishwe. Uvumaji unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida, ukiongezeka huenda waya za ndani zimefungwa vibaya.

Halafu piga hesabu, bei yake jumlisha matengenezo yote linganisha na gitaa la aina hiyohiyo lililo zima, na hakikisha umemuuliza fundi gharama KABLA ya kupatana. Muuzaji akikataa lichomekwe au anasema amplifaya hana na hataki uje na yako, mlipe bei ya gitaa lenye pikapu mbovu au ondoka.