Patisheni imejaa na mafaili yanaharibika: usianze na fsck

Jumamosi iliyopita karani wa kituo kimoja cha kukusanya maziwa huko Rungwe alishuka kwenye Coaster hapa Mwanjelwa akiwa amebeba kompyuta iliyoviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. "Fundi, inakataa kuandika. Na mafaili mengine yamegeuka alama za kuuliza." Humo ndani mna lita za kila mfugaji, asubuhi na jioni, na malipo ya mwezi yalikuwa yamebakiza siku tatu.

Naandika nilivyoendelea, kwa sababu ni mara ya tatu sasa nakutana na hali hii na kila mara mtu ameshajaribu dawa kabla ya kupima. Haya ni ya Linux yenye mfumo wa faili (namna diski inavyopanga mafaili) wa ext4, na fsck ni programu ya kuukagua na kuurekebisha. Patisheni yenyewe, yaani sehemu ya diski, ilikuwa `/dev/sda3`, GB 200, imeunganishwa kwenye `/data`.

Hatua ya 1: Zuia uandishi

Zima programu zote zinazoitumia patisheni hiyo, kisha `mount -o remount,ro /data`. Ikikataa, `fuser -vm /data` itakutajia nani bado ameishika.

Hatua ya 2: Soma kosa linavyosema

Watu huniambia "diski imekufa" bila kusoma hata mstari mmoja. Endesha `dmesg -T | grep -iE 'ext4|ata|i/o'` na uangalie pia ujumbe ambao programu zinautoa. `No space left on device` maana yake nafasi imekwisha, basi. `Structure needs cleaning` ndiyo habari mbaya: mfumo wa faili umevurugika. `Input/output error` mara nyingi ni diski yenyewe au kebo. `Read-only file system` huwachanganya wengi, lakini kwa kawaida ni keneli (kiini cha Linux) imeifunga patisheni isiandikwe baada ya kukuta kosa, kwa sababu `/etc/fstab` ina `errors=remount-ro`. Ukilazimisha ifunguke uendelee na kazi, unaongeza uharibifu.

Ya dada karani ilikuwa na la kwanza na la pili kwa pamoja.

Hatua ya 3: Imejaa kiasi gani?

`df -h` kwa ukubwa, `df -i` kwa inodi (kadi ya taarifa za kila faili, na idadi yake ina kikomo). Inodi zikiisha, utaambiwa nafasi hakuna hata kama GB zimebaki tele.

Kumbuka pia ext4 hujiwekea akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya `root`, msimamizi wa mfumo. Kwenye GB 200 hiyo ni GB 10, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida anaweza kuona imejaa wakati haijajaa kabisa. `tune2fs -l /dev/sda3` inaonyesha akiba hiyo. Hapa ilikuwa sifuri. Kuna mtu alishaendesha `tune2fs -m 0` ili kamera za kituo, ambazo zinarekodi kwenye patisheni hiyo hiyo ya mahesabu, zipate nafasi zaidi. Nilitikisa kichwa tu. Usirekebishe akiba sasa hivi. Hilo nalo ni kuandika.

Hatua ya 4: Pima diski

`smartctl -a /dev/sda`. Angalia namba 5, 197 na 198 (sekta zilizobadilishwa, zinazosubiri na zisizosomeka). Zikiwa juu ya sifuri na zinapanda, andaa diski nyingine. Namba 199 (makosa ya mawasiliano kwenye kebo) ikipanda, badilisha kebo kabla hujamuuzia mtu diski mpya. Hapa zote zilikuwa sifuri, nikashuku umeme kukatika katikati ya kuandika, maana kompyuta haikuwa na UPS.

Hatua ya 5: Chukua nakala nzima

Washa mashine kwa flashi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji). Usichomoe diski ya ext4 ukaichomeka kwenye Windows. Itakuuliza kama unataka kuiformati, na kuna siku mtu atabonyeza ndiyo.

`ddrescue -d /dev/sda3 /mnt/kubwa/maziwa.img /mnt/kubwa/maziwa.map`

Hapo `/mnt/kubwa` ni diski nyingine yenye nafasi. Siipendi `dd`, programu ya kawaida ya kunakili diski, kwa kazi hii. `ddrescue` ina hilo faili la ramani, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Kisha nakili `maziwa.img` mara ya pili, iite `kazi.img`. Ya kwanza haiguswi tena.

Hatua ya 6: e2fsck, kwenye nakala tu

Hapa ndipo nilipokaa kuanzia alasiri mpaka vibanda vya jirani vikafungwa.

Anza na `e2fsck -fn kazi.img` (e2fsck ndiyo fsck ya ext4). Herufi `n` inajibu hapana kila swali na haiandiki chochote. Jonali (daftari la mabadiliko yaliyokuwa yakiandikwa) ikiwa haijasomwa, itakuonya kwamba imeiruka, na makosa utakayoona yanaweza kuwa mengi kuliko yaliyopo kweli. Usihesabu makosa hapo, tafuta aina yake. Na usiiendeshe kwenye patisheni ambayo bado imeunganishwa, hata kwa `-n`, maana itakutolea uongo.

Aina niliyoikuta ni `multiply-claimed block`: mafaili mawili yanadai bloku moja (kipande kidogo cha nafasi ya diski). Mafaili matatu ya `.ods` (majedwali ya LibreOffice) ya lita za maziwa yalikuwa yanagombania bloku na video mbili za kamera. Kwa hiyo nikaendesha `e2fsck -f kazi.img`, nikakubali pendekezo lake la kutengeneza bloku mpya kwa kila mdai. Ikajibu `Couldn't clone file`.

Bila shaka. Ili kila faili lipate bloku yake, lazima pawe na bloku tupu, na hapakuwa na hata moja. Akiba ya asilimia 5 ingetosha kabisa, lakini ndiyo iliyogawiwa kamera. Hata `lost+found`, folda ya mafaili yaliyopoteza majina, ikihitaji kupanuka inakwama hapo hapo.

Wazo langu la pili lilikuwa kupanua: `truncate -s +20G kazi.img`, halafu `resize2fs`. Ikakataa, ikasema niendeshe kwanza `e2fsck -f`. Yaani hairekebishiki bila nafasi, na haipewi nafasi bila kurekebishwa. Nilizunguka hapo karibu saa mbili, nikijaribu hata toleo jipya la programu, kama vile toleo lingeleta bloku kutoka Tukuyu.

Njia ilikuwa hii: `mount -o loop,errors=continue kazi.img /mnt/kazi`, ufute kitu kikubwa kisicho na maana, `umount`, kisha urudie `e2fsck`. Hiyo `errors=continue` ni ya nakala tu; kwenye diski halisi ni kujitafutia balaa.

Ila chagua cha kufuta kwa makini. Usifute faili lililotajwa kwenye orodha ya wanaogombania bloku. Ukilifuta, bloku zake zitaandikwa kuwa tupu wakati faili jingine bado linazitumia, na kitakachoandikwa baadaye kitakalia juu yake. Mimi nilifuta video za miezi ya zamani ambazo hazikuwa kwenye orodha, zikatoka GB 14. Safari hii e2fsck ikamaliza. Sitaki `-y` (ndiyo kwa kila swali) mpaka nijue inachouliza. Ukimaliza, `echo $?`: 1 ni imerekebisha, 4 ni kuna makosa yamebaki. Irudie mpaka upate 0.

Hatua ya 7: Kagua mafaili

e2fsck inatengeneza muundo, haijui lita. Kila mdai amepewa nakala ya bloku ile ile, ila mwenye haki ni mmoja. Faili la `.ods` ni zipu, hivyo `unzip -t` inalipima upesi. Mawili yakapita, la tatu likagoma. Vilivyoangukia `lost+found` vina majina ya namba za inodi. Amri ya `file *` inakuambia kila kimoja ni nini.

Nikahamishia kila kitu kwenye diski mpya, kamera nikazipa patisheni yake, akiba ya `/data` nikairudisha kwa `tune2fs -m 1`. Faili lililogoma lilikuwa la wiki mbili za jioni. Dada karani akatoa daftari la kaunta kwenye mkoba, akavuta kiti, akaanza kuziingiza upya pale pale dukani.