Kibandiko cha Mlangoni: Upepo, Mzigo na Matairi kwa Anayeendesha Ughaibuni

Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, kisha tazama nguzo ambayo mlango hujifungia. Kuna kibandiko hapo, mara nyingi kimejaa vumbi kwa sababu hakuna aliyewahi kukisoma. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya hukaa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Nimepanda magari mengi ya wenzetu huku ughaibuni, na nikiuliza gari hili linatakiwa upepo kiasi gani, jibu huwa moja kati ya mawili: "fundi anajua" au "si thelathini na kitu?" Halafu mwenye gari anashuka, analipiga tairi teke, anasema liko sawa.

Teke halipimi kitu. Tairi la siku hizi hubonyea kidogo pale linapokanyaga lami hata likiwa na upepo wake wote, na likipungukiwa psi (kipimo cha upepo) nane au tisa jicho halioni tofauti. Asubuhi moja ya Januari niliwasha gari, ikawaka ile taa ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Nikashuka, nikazunguka gari mara mbili, matairi yote manne mazima kabisa machoni. Nikachomeka geji kwenye valvu ya tairi la nyuma kulia: 24. Kibandiko kilisema 33. Jana yake nilikuwa nimetoka kuendesha barabara kuu kilomita mia na zaidi, watoto wamelala nyuma.

Ile taa huchelewa kuwaka, na hilo wengi hawalijui. Kwa sheria ya Marekani, gari hulazimika kukuonya tairi likishapungukiwa robo nzima ya upepo unaotakiwa. Kama kibandiko kinasema 35, unaweza kuendesha wiki kadhaa ukiwa na 28 na taa isiseme neno. Pia ujue kwamba taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kabla ya kutulia, mara nyingi mfumo wenyewe ndio wenye hitilafu, si upepo. Na kuna magari yasiyopima upepo moja kwa moja, bali hulinganisha mizunguko ya magurudumu; hayo, ukishajaza upepo, lazima uingie kwenye menyu uyaambie yaanze kuhesabu upya, la sivyo taa itakusumbua au itanyamaza pale isipotakiwa kunyamaza.

Baridi ndiyo mwizi mkubwa. Joto la hewa likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza takribani psi 1. Mtu aliyejaza upepo Septemba, nje kukiwa na nyuzi 20, akiamka Desemba kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ameshapoteza psi 5 bila msumari wala pancha. Ongeza na ule upepo unaovuja wenyewe taratibu kila mwezi. Ndiyo maana napima mara moja kwa mwezi, na kila ninapokwenda safari ndefu.

Pima asubuhi kabla ya kuondoka. "Baridi" kwa lugha ya matairi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita moja na nusu hivi. Ukipima baada ya mwendo mrefu utakuta namba iko juu, na hapo ndipo watu hukosea: wanautoa upepo. Usiutoe. Tairi likipoa litakuwa pungufu.

Sasa namba zenyewe. Zile zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano "max 51 psi", ni kikomo cha tairi, si upepo wa gari lako. Tairi hilohilo linaweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti, kila moja na upepo wake. Niliwahi kupeleka gari kwa fundi mmoja, akajaza 44 kote kwa sababu ndivyo alivyosoma ubavuni. Kwenye mvua gari likawa linateleza kama sabuni. Kibandiko cha mlangoni ndicho chenye neno la mwisho, na mara nyingi mbele na nyuma hazifanani. Marekani na Uingereza utakuta psi, bara la Ulaya bar, Kanada kPa. Bar 1 ni psi 14.5, au kPa 100. Kwa hiyo 2.3 ya Ujerumani ni 33 ya Marekani, ni 230 ya Kanada. Ukinunua gari Ulaya utaona safu mbili: moja ya watu wawili watatu, nyingine ya gari lililojaa. Hiyo ya pili wengi hawaigusi maisha yao yote, hata siku wanayoihitaji kweli.

Siku hiyo kwa wengi wetu ni siku ya kusindikiza watu uwanja wa ndege.

Kwenye kibandiko cha Marekani kuna sentensi inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Chukua sedani ya kawaida iliyoandikwa kilo 385. Wanaingia watu wazima wanne, tuseme wastani wa kilo 80 kila mmoja. Hizo ni 320. Zimebaki 65. Masanduku ya kilo 23 yanaingia mawili tu, 46, na la tatu linavusha mpaka: 69. Na hapo wasafiri ni wawili, kila mmoja ana masanduku mawili na begi la mkononi. Buti linafunga vizuri, viti vina nafasi, kila mtu anaona gari limetosha. Nafasi imetosha, uzito umezidi karibu kilo 30 kabla hujahesabu mabegi ya mkononi. Sheria ya "pakia mpaka pajae" huku inakuponza, hasa kwa gari dogo. Mwambie mmoja wa wasindikizaji aagie nyumbani.

Kwenye gari la Ulaya hesabu ni ileile kwa njia nyingine: kwenye bamba la mtengenezaji kuna uzito wa juu wa gari lote likiwa limepakiwa, toa uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye hati za usajili, kinachobaki ndicho chako. Angalia tu kama uzito huo wa gari tupu umeshamhesabu dereva, maana hati nyingi za Ulaya humtia ndani kwa kilo 75.

Mzigo uliozidi hauishii kwenye springi. Tairi lenye upepo pungufu na mzigo mwingi hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Kasi ya barabara kuu na lami ya kiangazi vikiongezeka, nyuzi za ndani huachana na mpira, na tairi hupasuka likiwa bado lina meno mazuri. Breki nazo husimamisha gari mbali zaidi, na kwa kuwa nyuma imelala, taa za mbele zinawapiga machoni wanaokuja. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kuzishusha taa hizo. Kitumie.

Kizito kikae chini, kiegemee mgongo wa kiti cha nyuma. Usipange vitu juu kupita mgongo huo bila wavu, kwa sababu gari likigonga na kusimama ghafla, sanduku lisilofungwa huendelea mbele kwa kasi ileile mliyokuwa nayo, na mbele ndiko viliko vichwa vyenu. Juu ya paa kikomo ni kidogo kuliko unavyodhani: kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Namba kamili imo kwenye kitabu cha gari.

Meno ya tairi sasa. Ulaya na Uingereza kisheria yasipungue milimita 1.6, majimbo mengi ya Marekani yanatumia inchi 2/32, ambayo ni karibu hiyohiyo. Huhitaji kifaa. Uingereza chomeka sarafu ya penni 20 kwenye mfereji wa tairi: ukiona ile pete ya pembeni ya sarafu, meno huenda yameshavuka mpaka. Nchi za yuro, ukingo wa dhahabu wa sarafu ya yuro 1 una milimita 3, nami ningekuomba ubadilishe hapo badala ya kusubiri 1.6, kwa sababu kwenye maji tofauti ni kubwa. Marekani tumia senti moja, kichwa cha Lincoln kikitazama chini; ukikiona chote, tairi limekwisha. Uingereza kila tairi kipara linaweza kukuletea pointi 3 kwenye leseni. Piga hesabu ya manne: pointi 12 ndani ya miaka 3 zinatosha kukunyang'anya leseni.

Ukinunua matairi ya mkononi, usitazame meno tu. Tafuta neno DOT ubavuni, nenda mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Mipasuko midogo midogo ubavuni, au uvimbe mfano wa jipu, achana nalo hata ukipewa bure. Pancha ya katikati, kwenye sehemu inayokanyaga, inazibika, na fundi mzuri atalivua tairi alizibe kwa ndani. Ya ubavuni haizibiki.

Ukimudu mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Najua tumezoea kusema mbele ndiko kwenye kazi. Lakini kwenye maji, mbele ikiteleza unaihisi kwenye usukani na unapunguza. Nyuma ikiteleza gari linazunguka kabla hujajua.

Theluji ni darasa jingine. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata barabara ikiwa kavu. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake haithibitishi kwamba tairi limepimwa kwenye theluji, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 haitoshi tena kisheria barabara ikiwa na barafu au theluji. Quebec, Kanada, matairi ya majira ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Sweden ni Desemba 1 hadi Machi 31, hali ya barabara ikiwa ya baridi. Yafunge manne, si mawili.

Na ukiwa barabarani kwenyewe: madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa hiyo lami inayong'aa juu ya daraja usiiamini. Gari likipanda juu ya maji na usukani ukawa mwepesi ghafla, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, ukizihitaji kwa dharura, kanyaga kwa nguvu zote na usiachie. Ule mtetemo na kelele chini ya mguu ni kazi yake. Tairi likipasuka, jambo ni hilohilo la mikono: shika sawa, acha gari lipungue lenyewe, kisha utoke pembeni.

Kabla ya yote hayo kukufika, fungua sakafu ya buti uone una nini. Inaweza kuwa tairi jembamba la akiba, ambalo kwa kawaida hutakiwa psi 60 na halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na ambalo bila shaka halijapimwa tangu gari litoke kiwandani. Inaweza kuwa chupa ya gundi na pampu ndogo, na chupa ina tarehe ya kuisha. Inaweza isiwepo kabisa. Ukilibadilisha tairi mwenyewe, kaza nati kwa kuruka upande hadi upande, usizifuate kwa mduara, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena.