Kigoma au Tabora? Pima hivi kabla hujafunga mizigo

Mdogo wangu, ukitaka kujua kati ya Kigoma na Tabora ni wapi kuna raha za usiku, tazama kwanza mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo wanabaki nchi kavu na pesa mfukoni. Siku hizo ndizo za kuja Mwanga, mtaa wetu wa hapa Kigoma: muziki wa Kikongo unakesha, mishikaki haikai jikoni, meza ya nje unaipata kwa kujuana. Ukija wakati wa giza utasema Kigoma imelala, kumbe wenye mji wako ziwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi usifanyike, 15 Mei hadi 15 Agosti, hata sisi wauza vitenge tulikuwa tunafukuza nzi tu.

Tabora mwezi wao ni tumbaku. Nenda wakulima wa Urambo na Kaliua wakishalipwa, ndipo utoe hukumu. Ila kwangu mimi usiku wa Tabora ni wa kukaa barazani na kupiga soga. Ukitaka kucheza hadi alfajiri, njoo huku.

Kwenye manunuzi usihangaike na bei ya kila kitu, maana sabuni ni sabuni. Linganisha kile ambacho kila mji unajivunia. Kitenge kigeuze: cha wax halisi kinang'aa pande zote mbili, cha kuigiza kimepauka nyuma. Dagaa nunua mwaloni Kibirizi, huku Kigoma, waliokaushwa kwenye chanja. Tia wawili watatu mdomoni. Wakikwaruza meno, hao walianikwa mchangani. Tabora fuata asali na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Asali ikiganda usimwite muuzaji mwizi, hata iliyo safi huganda.

Mchanganyiko wa watu unausikia sokoni asubuhi. Ujiji, mji mkongwe wa Kigoma, utaanza na salamu ya "mwakeye" ya Kiha, hatua chache mbele Kibembe, Kirundi, Kilingala. Tabora ni "mwangaluka" ya Kinyamwezi, na pembeni Waarabu wa siku nyingi. Wamanyema, wenye asili ya mashariki ya Kongo, utawakuta kote kuwili, kwa sababu misafara ya biashara ilipita kati ya Ujiji na Tabora zamani, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Hapo mimi naipa Kigoma, kwa vile Kongo na Burundi ni majirani wa kubisha hodi.

Ukirudi Dar kwa treni na dagaa, wafunge mara mbili. La sivyo behewa zima litajua ulikotoka.